Mara ya kwanza virusi, mara ya pili kingamwili: kisa cha fundi cherehani

Siku ya nne ya ugonjwa, fundi alinyoosha mkono juu ya meza akamwambia mkewe, "Nipe ile ya kukatia." Mkasi ulikuwa mbele yake. Mkewe akacheka, akampa. Baada ya muda akaomba "ile ya kupitishia uzi." Safari hii mkewe hakucheka.

Jioni iliyotangulia alikuwa ameuliza nani anachoma mpira humu ndani. Hakuna aliyekuwa anachoma kitu. Harufu ilimkaa kama dakika moja, naye akabaki amekodoa macho, akitafunatafuna ilhali mdomoni hamna kitu, kisha akaendelea kushona kama vile hakuna lililotokea. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu siku ya kwanza, na homa ilikuwa ndogo ndogo. Kituo cha kwanza walichokwenda waliambiwa ni uchovu, wakapewa vidonge vya maumivu. Siku ya tano alianguka kwa degedege la mwili mzima, ndipo akaletwa hospitali.

Niseme mapema: fundi huyu, mwenye miaka 52, nimemuunda kutokana na visa vinavyofanana, ili asitambulike mtu yeyote. Umri, kazi na tarehe ni vyake yeye wa kwenye karatasi. Mwenendo wa ugonjwa ndio ule ule unaoonekana wodini. Nimemchagua kwa sababu aliugua ubongo mara mbili katika miezi miwili, dalili zikafanana kiasi cha kumdanganya yeyote, ilhali mhalifu wa mara ya kwanza hakuwa yule wa mara ya pili.

Siku ya tano

Joto lilikuwa 38.6. Macho yake yalikuwa wazi, lakini kila swali alilijibu kwa neno moja: "Sawasawa." Unaitwa nani? Sawasawa. Hapa ni wapi? Sawasawa. Shingo haikuwa ngumu sana, na picha ya CT ya kichwa ilitoka safi. Hapa ndipo wengi huteleza, maana CT safi katika siku za mwanzo haiondoi uwezekano wa ubongo kuvamiwa na virusi. Dalili zenyewe zilishasema vya kutosha. Harufu isiyokuwepo, kutafuna hewa na kupotea kwa majina ya vitu vyote vinaelekeza sehemu moja: lile pande la ubongo lililo usawa wa sikio, ambamo harufu, kumbukumbu na majina hukaa jirani. Na virusi vinavyopenda pande hilo kuliko vingine vyote ni herpesi simpleksi aina ya 1, vile vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni.

Daktari wa zamu hakungoja majibu. Alianzisha asaiklovia kwa dripu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 8, hata kabla ya kuchoma sindano ya kiunoni kuchukua maji ya uti wa mgongo. Nampongeza kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote katika kisa hiki. Zamani, bila dawa ya virusi, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 walikufa. Majaribio mawili, moja la Sweden lililochapishwa mwaka 1984 na jingine la Marekani la mwaka 1986, yaliilinganisha asaiklovia na dawa iliyokuwepo wakati huo, vidarabini. Katika lile la Marekani waliokufa walikuwa asilimia 28 kwa asaiklovia na 54 kwa vidarabini. Kila siku ya kuchelewa kuanza hupunguza faida hiyo.

Maji ya uti wa mgongo yalipochunguzwa yalikuwa na seli nyeupe 140 katika mikrolita moja, karibu zote limfositi, aina mojawapo ya seli za kinga. Protini ilikuwa juu, sukari ya kawaida, na kulikuwa na chembe nyekundu kidogo. Kipimo cha PCR kikaonyesha vinasaba vya herpesi. Picha ya MRI ilionyesha pande la kushoto, usawa wa sikio, limewaka weupe kama kitambaa kilicholowa maji.

Zitazame zile seli 140. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo zisizozidi 5. Hizo si virusi. Ni askari wa fundi mwenyewe, na homa ni yao, na sehemu kubwa ya weupe ule kwenye picha ni majimaji yaliyovuja kwenye mishipa ya damu waliyoifungua ili wapite. Tunapomtazama mgonjwa wa namna hii tunaona ugomvi, na katika ugomvi si rahisi kujua ngumi ipi ni ya nani.

Mlango ulio na bawabu

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba ubongo uko nje ya himaya ya kinga ya mwili. Mwaka 1948 Peter Medawar alipandikiza vipande vya ngozi ya sungura wengine ndani ya ubongo wa sungura, akaona havikataliwi kama vinavyokataliwa mahali pengine. Watu wakachukulia kwamba ubongo hauna kinga. Jambo lililosahaulika ni kwamba sungura akishapewa ngozi hiyo hiyo kwingine mwilini, basi na ile ya ubongoni nayo hukataliwa. Yaani mlango ulikuwepo, ila una bawabu mkali: aliyekwisha kupewa habari huruhusiwa kuingia. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kwenye utando unaofunika ubongo wa panya kuna mishipa ya limfu inayopeleka taka na habari hadi kwenye tezi za shingo. Mishipa hiyo tutairudia, kwa sababu mara ya pili huenda fundi aliugua kupitia njia hiyo.

Virusi vyenyewe vilikuwa naye pengine tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 wanavyo. Huingia kupitia mdomoni, hupanda kwa neva ya hisia za uso na kujificha kwenye fundo lake karibu na fuvu, vimelala. Wanaofikwa na yaliyomfika fundi ni watu 2 hadi 4 tu kwa kila milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo kwa kawaida bawabu hushinda, kimya kimya, bila mwenye nyumba kujua.

Hushinda vipi? Kwanza kwa intaferoni, kemikali ambayo Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliipa jina mwaka 1957. Seli ya neva iliyovamiwa hutambua vinasaba vya kigeni ndani yake, hutoa intaferoni, na majirani wakiisikia hujiandaa kufunga viwanda vyao vya protini virusi vikiwafikia. Uzito wa jambo hili umeonekana kwa watoto. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, kundi la Jean-Laurent Casanova lilieleza watoto waliopata ugonjwa huu huu na kumbe wana hitilafu ya kurithi katika njia ya kipokezi kiitwacho TLR3, kengele mojawapo inayoamsha intaferoni. Watoto hao hupambana vizuri na vijidudu vingine karibu vyote. Kengele moja tu imekatika, tena ndani ya ubongo, na virusi vya malengelenge vinakuwa ugonjwa wa kufisha.

Halafu kuna mikroglia. Hizi ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe. Mhispania Pío del Río Hortega alizitenga na kuzieleza mwaka 1919, na leo tunajua kwamba hazitoki kwenye uboho kama ndugu zao wa kwenye damu, bali huhamia ubongoni mapema sana wakati mimba bado changa. Kila moja hunyoosha na kukunja vikono vyake mchana kutwa kama mtu anayepapasa gizani. Katika panya waliovamiwa na herpesi ndizo zinazoongoza kutoa intaferoni. Na mwaka 2018 watafiti walipoziondoa kwa dawa, kisha wakawaambukiza panya virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, au virusi vya korona vya panya, panya hao walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Mtu angesema basi, kesi imekwisha, mikroglia ni wema.

Lakini miaka miwili kabla, mwaka 2016, kundi jingine lilikuwa limetazama panya waliopona West Nile na kubaki wasahaulifu, kama wanavyobaki baadhi ya watu. Virusi vilikuwa vimeondoka. Seli za neva zilikuwepo. Vilivyopotea ni viungio kati ya neva na neva, katika hipokampasi, ile sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Viungio hivyo vilikuwa vimepakwa protini za komplementi, alama ambayo kwenye damu husema "hiki kitupwe", na mikroglia walikuwa wanavimeza. Panya wasio na komplementi au wenye mikroglia wachache walibaki na viungio vyao. Mlinzi yule yule, katika ubongo ule ule, wiki chache baadaye. Ndiyo maana swali la kama kinga ya ubongo ni rafiki au adui mimi naliona halina maana, mpaka uniambie tarehe.

Baada ya siku chache huja kundi la tatu, seli T, askari wa kinga kutoka kwenye damu. Hapa ubongo una tatizo ambalo ini au ngozi havina. Seli T muuaji amefundishwa kuua seli iliyovamiwa, na seli ya ini ikifa nyingine huota. Neva ikifa imekufa. Kwa bahati seli T wanajua njia ya pili. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kwenye fundo la neva hiyo ya uso la panya, mahali pale pale herpesi inapolala, seli T humchoma mvamizi kwa kimeng'enya kinachokata protini muhimu ya virusi na kuvizuia visiamke, huku neva ikibaki hai. Nikiwaza jinsi mwili ulivyobuni namna ya kumkamata mwizi bila kubomoa nyumba, naona ni kazi ya fundi aliye bora kuliko sisi sote.

Si kila mara wanakuwa na subira hiyo. Kuna virusi vya panya, LCMV, ambavyo haviui seli kabisa. Huishi ndani yake tu. Mdunge panya mwenye kinga kamili virusi hivyo ubongoni, naye hufa katika muda wa wiki moja hivi. Mdunge panya asiye na seli T, naye huishi, akivibeba virusi vyake. Anayeua pale ni kinga peke yake. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walitumia virusi hivyo hivyo mjini Canberra katika miaka ya 1970 kugundua jinsi seli T inavyotambua seli iliyovamiwa, kazi iliyowapa Nobeli mwaka 1996.

Fundi yuko kati ya hao wawili. Herpesi, tofauti na LCMV, huua neva kwa mkono wake. Kuilaza kinga yake siku ya tano ingekuwa kumfungulia virusi mlango.

Siku ya saba

Siku mbili baada ya dawa kuanza, fundi alizidiwa. Alilala usingizi mzito, akiamshwa anakunja uso na kurudi kulala. Mkewe alisimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi akauliza, "Daktari, kwani dawa haifanyi kazi?"

Lilikuwa swali sahihi, na jibu lake si fupi. Asaiklovia ni dawa yenye ujanja. Inaingia mwilini ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya cha virusi vyenyewe, kwa hiyo hufanya kazi karibu ndani ya seli zilizovamiwa tu. Kazi hiyo ni moja: kuvizuia virusi visijinakili. Haizoi maiti za neva zilizokwisha kufa. Haiwaambii askari warudi kambini. Mishipa ya damu katika pande lile ilikuwa imelegezwa na saitokini, kemikali za kupelekeana habari za kinga, na maji yalikuwa yanavuja kuingia kwenye nyama ya ubongo.

Mguu ukivimba, ngozi hutanuka. Fuvu halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu, na maji yapatayo mililita 150 ukijumlisha na ya uti wa mgongo. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue, na visipopata pa kupungua, ubongo husukumwa kuelekea tundu la chini ambako ndiko ziliko sehemu zinazoendesha pumzi. Kwa mtu kama fundi uvimbe ni hatari ya siku hiyo hiyo, na virusi ni hatari ya wiki.

Walimwinua kichwa nyuzi 30, wakampa manitoli kuvuta maji kutoka kwenye ubongo, wakadhibiti degedege, wakaangalia figo kwa sababu asaiklovia huweza kuganda kama fuwele humo mgonjwa asipopata maji ya kutosha. Steroidi hawakumpa. Kuna madaktari ambao wangempa, na sitawalaumu: uvimbe ukifikia kutishia maisha, hoja yao ina nguvu. Lakini steroidi hulaza kinga yote, wema kwa wabaya, na siku ya saba virusi vilikuwa bado hai. Waliona bora wavumilie saa 48. Akaamka siku ya kumi.

Baada ya siku 21 za dripu walirudia kipimo cha maji ya uti wa mgongo. PCR haikuona virusi. Siku ya 27 alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, anakula mwenyewe, na anamtambua kila mtu wa nyumbani. Ila alichokula asubuhi kilikuwa kimefutika ikifika adhuhuri, na mkasi ulikuwa bado "ile ya kukatia."

Barua ya kumruhusu ilieleza vizuri dawa ya degedege, tarehe ya kliniki, na mazoezi ya kumbukumbu. Haikueleza jambo moja, nitakalolitaja sasa. Nami nimeandika barua za namna hiyo.

Siku ya 38

Mkewe alipiga simu alfajiri. Fundi hajalala siku tatu. Anazunguka nyumba nzima akihamisha vitambaa kutoka kabati moja hadi jingine. Jana jioni alimkazia macho akasema, "Wewe umefanana naye sana, lakini siye." Usiku midomo yake ilianza kujikunja na ulimi kutoka na kuingia bila yeye kujua. Hana homa.

Watu wawili waliomwona kabla ya kufikishwa wodini walikuwa na maelezo mawili, na yote mawili yalikuwa na mantiki. Wa kwanza alisema ni akili: mtu amenusurika kifo, amepoteza kumbukumbu, amevunjika moyo. Wa pili alisema virusi vimerudi. Maelezo ya kwanza ndiyo yanayonikera, kwa sababu yanakuja haraka mno kila mgonjwa anapokuwa mgomvi. Ulimi hauchezi hivyo kwa huzuni.

Maelezo ya pili yalistahili kuheshimiwa. Herpesi huweza kurudi, hasa ikiwa dawa ilikatishwa mapema. Kwa hiyo usiku ule walianza tena asaiklovia huku wakichukua maji ya uti wa mgongo. Safari hii seli nyeupe zilikuwa 30. PCR haikuona kitu. MRI ilionyesha kovu la zamani, na hakuna eneo jipya lililokufa. Mtu yuko hoi kuliko alivyotoka, na virusi havipo.

Siku sita baadaye kipimo cha mwisho kilijibu: katika maji yake ya uti wa mgongo kulikuwa na kingamwili, protini za kinga, zinazoshika vipokezi vya NMDA, vile vipokezi vya glutameti (kemikali ambayo neva hupelekeana habari) ambavyo neva huvitumia kujifunza na kukumbuka. Kinga ya fundi ilikuwa inaupiga ubongo wa fundi, na haikuwa na adui mwingine mbele yake.

Ilifikaje huko? Njia inayoelezeka ni hii. Wiki ya kwanza herpesi ilipasua maelfu ya neva, na vilivyokuwemo vikamwagika, vipokezi vya NMDA vikiwemo. Katika hali ya kawaida vitu hivyo havionekani na askari wa nje. Sasa vilisombwa kupitia mishipa ile ya limfu hadi kwenye tezi za shingo, vikafika vikiwa vimechanganyika na vipande vya virusi, katikati ya king'ora cha vita. Seli B za pale, ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili dhidi ya chochote kinachokuja na king'ora, zikatengeneza. Kutengeneza huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana fundi alipata nafuu kwanza, kisha akaanguka.

Ugonjwa wa kingamwili hizi ulielezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, kwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wanawake vijana wenye uvimbe kwenye ovari, bila herpesi yoyote. Mwaka 2012 kingamwili hizo zikapatikana pia kwa watu waliougua herpesi ya ubongo. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 51 wa herpesi ya ubongo tangu mwanzo. Kumi na wanne kati yao, asilimia 27, walipata shambulio hili la pili, kwa kawaida ndani ya miezi miwili baada ya matibabu, na wengi wao walikuwa na kingamwili za NMDA. Zaidi ya mmoja kati ya wanne! Ukijua hesabu hiyo, kurudi kwa fundi wodini hakukuwa ajabu, na barua ile ya ruhusa ilipaswa kuliandika hilo kwa wino mzito. Kwa watoto wadogo sura yake huwa nyingine: mikono na miguu huanza kucheza yenyewe bila kukoma, na mzazi asiyeambiwa hudhani ni degedege limerudi.

Kuna jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 2015, ambalo nadhani lilikuwa linatuambia jambo hili hili mapema. Walichukua wagonjwa waliomaliza dripu, wakawapa nusu yao vidonge vya dawa ya herpesi kwa siku 90 zaidi, wakitumaini kumbukumbu zao zingekuwa bora. Hazikuwa bora kuliko za waliopewa vidonge bandia. Ukiendelea kumpiga mtu ambaye ameshaondoka, huna utakachopata.

Fundi alipewa methiliprednisoloni, ambayo ni steroidi, gramu 1 kwa siku kwa siku 5, na kingamwili za kuchangiwa kwa dripu, gramu 0.4 kwa kila kilo kwa siku, siku 5 vilevile. Asaiklovia ilisimamishwa PCR ya safari hii ilipotoka safi. Kwa kuwa baada ya siku kumi alikuwa bado hatulii, aliongezewa rituksimabu, inayoondoa seli B. Steroidi ile ile ambayo siku ya saba ingeweza kumponza, siku ya 45 ndiyo iliyomfaa. Mwanafunzi mmoja wa udaktari aliuliza kama hiyo si kujipinga. Hapana. Siku ya saba kulikuwa na adui ndani ya nyumba. Siku ya 45 walikuwa wamebaki askari tu, na walikuwa wanavunja vyombo.

Kuna tofauti nyingine kati ya mashambulio mawili, na kwa familia ndiyo kubwa zaidi. Kingamwili za NMDA haziui neva, angalau si kwa haraka. Huvishika vipokezi viwili viwili, na neva ikavimeza kutoka kwenye uso wake. Neva inabaki hai, imezibwa masikio. Kingamwili zikipungua, vipokezi hurudi juu. Kwa hiyo yale ya mara ya pili yana nafasi ya kurudi, kwa miezi, wakati yale ya mara ya kwanza mengi yamekwenda.

Mwezi wa tano

Alipokuja kliniki alikuja na mkewe na daftari. Mkewe ndiye aliyelianzisha: tarehe, alilala saa ngapi, amekasirika au hakukasirika, maneno aliyokosa. Kurasa za mwezi wa pili zilijaa mpaka pembeni. Za mwezi wa tano zina mistari miwili mitatu. Usingizi umerudi. Ulimi umetulia. Hamtuhumu tena mkewe kwamba ni mwingine, na akisimuliwa habari hiyo anainamisha kichwa na kusema, "Nisamehe mama, mimi sikumbuki," na kweli hakumbuki.

Ameanza kazi, nusu siku. Mkewe aliniambia jambo ambalo nilitaka kulisikia mara mbili. Mteja akija, fundi humpima bega, kifua na kiuno, utepe unateleza mikononi kama zamani, anakata kitambaa bila kusitasita na mshono unatoka umenyooka. Ujuzi wa mikono haukai kwenye lile pande lililoungua. Lakini akigeuka tu, hamkumbuki mteja wala vipimo vyake. Sasa kila kitambaa kina karatasi iliyobanwa kwa pini: jina, vipimo, siku ya kuchukua, kwa mwandiko wa mkewe.

Nikamwonyesha kalamu, akasema kalamu. Nikamwonyesha saa, akasema saa. Nikatoa mkasi mdogo wa kukatia bandeji. Aliutazama kwa muda mrefu, akautia vidole, akaufungua na kuufunga hewani mara mbili.

"Huu naujua," alisema. "Huu ndio kazi yangu."

Mkewe akafungua daftari akaandika tarehe.